Kuunganisha Kariakoo: ukishuka Stesheni, Gerezani au Fire unaelekea wapi?

Mama mdogo alikuja kutoka Morogoro na treni ya umeme, akashuka Dar saa nne asubuhi alafu akanipigia. "Mwanangu nishafika, niko hapa Stesheni na begi langu, mwendokasi ya kuja kwako Kimara inapandiwa wapi?" Nikataka nimjibu kwa sentensi moja nikashindwa. Nikimwambia nenda Kariakoo atauliza Kariakoo ni wapi, ataonyeshwa pande nne na wote waliomwonyesha watakuwa wamesema kweli. Nikimwambia Gerezani, kuna Gerezani mtaa, kuna Gerezani ya daladala na kuna Gerezani ya mwendokasi. Mwisho nikamwambia mama kaa hapohapo kivulini usiondoke, nakuja kukuchukua.

Mi nimekulia Dar na hapo Kariakoo napita karibu kila siku, lakini ile simu ndo ilinifungua macho kwamba sisi wenyeji tunaunganisha gari pale kwa mazoea tu, hamna aliyewahi kutukalisha akatueleza panafanyaje kazi, na mgeni asiye na mwenyeji anahangaika na kitu ambacho kinaelezeka vizuri kabisa. Ndo maana naandika. Na nianze na jambo ambalo kwangu ndo kiini cha mkanganyiko wote: Kariakoo ni kituo kikubwa cha kuunganishia usafiri ila hakiko ndani ya jengo. Kituo chenyewe ni mtaa. Geti moja liko huku, lingine liko kule, na njia ya kutoka hili kwenda lile ni barabara ambayo humohumo watu wanauza viatu, wanashusha majora ya vitambaa na wanasukuma mikokoteni.

Ukienda Cairo, ambako treni za chini ya ardhi zimekuwepo tangu 1987, kuna stesheni kama Sadat ambapo laini mbili zinakutana, unashuka kwenye treni moja, unafuata mishale ukutani, unapanda au unashuka ngazi, unaingia treni nyingine, na muda wote huo hujatoka nje wala hujatoa tiketi tena. Sisi hatuna hiyo. Kwetu ngazi ni barabara ya Msimbazi, mshale ni kijana unayemuuliza, na dari ni jua. Ukishaielewa picha hiyo mengine yote yanakaa sawa, kwa sababu utaacha kutafuta "kituo cha Kariakoo" kama kitu kimoja na utaanza kujiuliza swali sahihi, kwamba mimi nimeingilia mlango upi na nataka kutokea mlango upi.

Milango yenyewe sasa. Kusini mashariki kuna Stesheni, yaani pale reli ilipo tangu Wajerumani walipoanza kuijenga kutokea Dar mwaka 1905, na sa hivi jirani yake ndo kuna jengo jipya la SGR, ile treni ya umeme. Magharibi yake kidogo kuna Gerezani ambako mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, inageuzia. Kaskazini, pale Morogoro Road inapokutana na Msimbazi, kuna Fire, pameitwa hivo kwa sababu ya kituo cha zimamoto. Upande wa mashariki kuna Mnazi Mmoja. Kwenye kona ya kusini magharibi unapakana na Kamata, jina lililobaki kutoka enzi za KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, na watu wengi wanaolitaja leo hawajawahi hata kuliona basi lake. Katikati ya hivyo vyote ndo kuna Kariakoo yenyewe, soko na maduka. Sasa konda akiita "Kariakoo Kariakoo" anamaanisha mlango ule ambao ruti yake inaishia, sio katikati, na wewe unaweza ukashushwa sehemu ukaambiwa umefika huku unapotaka kwenda pana mwendo wa kutosha wa miguu.

Kuna makosa mawili ya majina ambayo yanawagharimu wageni hela na muda. La kwanza ni Stesheni na TAZARA. Zote ni reli, lakini TAZARA iko mbali, kwenye makutano ya barabara ya Nyerere na Mandela pale penye flaiova ya Mfugale, na treni zake ni za kwenda Zambia, kwa hiyo ukimwambia bodaboda "nipeleke stesheni ya treni" bila kutaja ipi jiandae kwa lolote. La pili ni jina la Magufuli. Stendi ya mabasi ya mikoani iliyohamia Mbezi Louis mwaka 2021 inaitwa Magufuli, na stesheni ya SGR ya hapa mjini nayo imepewa jina la Magufuli, na kati ya hizo mbili unavuka karibu mji mzima. Mtu mwenye tiketi ya saa kumi na mbili asubuhi akikosea hapo safari ndo imeisha. Sema "SGR" au sema "Mbezi", basi, usitumie jina la mtu.

Turudi kwenye mwendokasi maana hapo ndo pana ufafanuzi wa maana. Awamu ya kwanza ilianza kubeba watu Mei 2016, nauli ilikuwa shilingi 650, na njia yake ina kama kilomita 21 ukijumlisha matawi. Usiichore kichwani kama mstari, ichore kama mti. Shina linatoka Kimara, linashuka na Morogoro Road kupitia Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, linavuka bonde la Jangwani, linafika Fire, linaendelea mpaka Kivukoni kwenye pantoni ya Kigamboni. Tawi la kwanza linachepuka Magomeni kufuata Kawawa kwenda Morocco. Tawi la pili linachepuka Fire, linaingia Msimbazi, linapita Kariakoo na kuishia Gerezani. Basi. Mti mmoja, matawi mawili, na vituo vikubwa vitano: Kimara, Ubungo, Morocco, Kivukoni na Gerezani.

Ukishaukariri huo mti unaweza kujipangia safari yoyote. Uko Kivukoni unataka Kariakoo? Shina na tawi vinaachana Fire, kwa hiyo ukikosa gari la moja kwa moja unashuka Fire na kusubiri linaloelekea Gerezani. Uko Kimara unataka Morocco? Vinaachana Magomeni, unashukia hapo. Na siri kubwa ambayo naona watu wazima na akili zao bado wanaisahau ni kwamba vituo vya njia kuu vimezungushiwa, unalipa getini na sio ndani ya basi, kwa hiyo kama unabadilisha basi humohumo ndani hutakiwi kutoka nje. Ukitoka tu getini tiketi yako imekwisha kazi. Nimeshuhudia abiria wanashuka Fire wanatoka nje kuulizia basi la Gerezani alafu wanakata tiketi upya kurudi ndani kwenye sehemu ileile waliyokuwa wamesimama dakika mbili zilizopita.

Kingine, milango. Daladala inafungukia kushoto, pembezoni mwa barabara, kila mtu amezoea hivo. Basi refu la mwendokasi milango yake ya kupandia iko kulia kwa sababu kituo kiko katikati ya barabara, na sakafu ya kituo imeinuliwa ili unyooshe mguu tu uingie bila kupanda ngazi, na mwenye kiti cha magurudumu aingie pia. Ni kitu kidogo lakini ndo kinachofanya basi lisimame muda mfupi. Mji huu ulipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018, wa kwanza kupewa Afrika, na moja ya sababu ni usanifu wa namna hiyo. Nalisema hili kwa sababu siku hizi tukiongelea mwendokasi tunaongelea msongamano tu na uchache wa magari, na ni kweli asubuhi unaweza ukaacha mabasi manne yapite umesimama, ila tusichanganye mambo mawili, michoro ya njia ni mizuri na inatakiwa ilindwe, shida ya magari machache ni shida nyingine.

Sasa kilichoifanya Gerezani kuwa kubwa zaidi ni kwamba sio mwisho wa tawi moja tena. Awamu ya pili, ile ya barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, kilomita 20.3, inakuja kukutana na ya kwanza hapohapo. Na ya tatu ya Gongo la Mboto kupitia Nyerere Road ina tawi lake linalokuja na barabara ya Uhuru kuelekea Kariakoo. Maana yake mtu wa Mbagala anayefanya kazi Manzese, mtu wa Gongo la Mboto anayesoma Magomeni, mtu wa Kimara anayeenda uwanja wa taifa kuangalia mpira, wote hao njia zao zimechorwa zikutane sehemu moja ambayo tayari ilikuwa imejaa kabla hata ya basi la kwanza kuja.

Kwa nini iwe hapo lakini? Jibu liko kwenye umri wa barabara. Dar ilijengwa kwa miale, barabara kubwa zote zinatoka baharini kwenda nje: Morogoro, Nyerere ambayo wazee wanaiita Pugu Road mpaka leo, Uhuru, Kilwa, na ile ya Bagamoyo. Zinazokata kwa pembeni ni chache, Kawawa, Mandela, Sam Nujoma. Kwa hiyo kutoka mwale mmoja kwenda mwingine mara nyingi njia rahisi ni kuingia mpaka kwenye kitovu na kutoka tena, na kitovu kwa watu wa kawaida hakikuwahi kuwa Posta. Kilikuwa Kariakoo. Wakoloni waligawa mji kwa rangi, Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, alafu eneo la wazi la Mnazi Mmoja kama mpaka, na nyuma ya mpaka ndo wakawekwa Waafrika kwenye mitaa iliyonyooshwa kwa rula. Waingereza walipouchukua mji 1916 kwenye vita kuu ya kwanza wakaweka pale kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, na midomo yetu ikalifanya Kariakoo. Nalipenda hili jina kwa sababu linasema ukweli mpaka leo, mtaa ulipewa jina la watu wa kubeba mizigo na ukipita mtaa wa Kongo saa tano asubuhi bado utapigwa kikumbo na mtu aliyebeba marobota kichwani anapiga mluzi apishwe.

Ile mitaa iliyonyooka ndo chanzo cha nusu ya msongamano wa leo, na hapa naomba tukae kidogo maana watu wanalaumu machinga tu. Mtaa kama Sikukuu, Swahili, Narung'ombe, Mchikichi au Aggrey, upana wake ulipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili, zile za chini zenye ukumbi katikati na vyumba sita, uani kuna jiko na choo, barazani wazee wanacheza bao. Mtaa mmoja ulikuwa unalisha familia kadhaa. Leo kiwanja kilekile kina ghorofa la ngazi nane, kumi, zaidi ya hapo, chini fremu za maduka, juu fremu, juu tena stoo, juu kabisa hoteli au makazi, na kila fremu ina wauzaji wake, wateja wake, mzigo unaoingia na unaotoka. Watu wameongezeka mara nyingi kwenda juu, ila mtaa haujapanuka hata hatua moja, kwa sababu hauwezi. Wote wale wa ghorofani lazima washuke wapite kwenye upana uleule uliopimwa kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu wa miaka hiyo. Oktoba 2021 machinga waliondolewa kando ya barabara na kweli kwa muda ukapitika, lakini hesabu ya maghorofa ilibaki vilevile.

Sehemu ya Kariakoo inayojulikana sana kwa kwenda chini ya ardhi ni soko lenyewe. Lile jengo alilichora Beda Amuli, msanifu Mtanzania, likafunguliwa 1975, na chini lina ghorofa la chini ambalo kila mtu anaita shimoni, ndo ilikuwa soko la jumla la mazao, nyanya, vitunguu, nazi. Juu paa lake limekaa kama miavuli iliyogeuzwa, inakinga maji ya mvua. Nikiwa mdogo bibi alikuwa ananishika mkono tukishuka shimoni, ule ubaridi na harufu ya tangawizi na viazi vyenye udongo bado ninazo puani. Moto wa Julai 2021 uliunguza soko lile na wafanyabiashara wakatawanyika, na ndo ujue Kariakoo inavyofanya kazi, moyo uliungua lakini watu waliendelea kushuka Gerezani na Msimbazi kila asubuhi kana kwamba hakuna kilichobadilika, maana biashara ilishamwagika mitaani siku nyingi.

Daladala. Mgeni anajiuliza kama mwendokasi ipo daladala za nini tena. Jina lenyewe linatokana na shilingi tano, dala, ndo ilikuwa nauli enzi zile mabasi ya UDA, yale ya umma, yalipozidiwa na watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwanza kwa kujificha. Ruti imeandikwa mbele na rangi ya mstari ubavuni inakuambia njia, na kwa pale Kariakoo zinaishia kwenye milango tofauti kama nilivyosema, nyingine Gerezani, nyingine Mnazi Mmoja, nyingine Stesheni. Sababu moja ya kuendelea kuwepo ni kwamba mwendokasi inafuata barabara kubwa tu wakati daladala inakupeleka Tandika ndanindani, Buguruni, Temeke, Vingunguti. Sababu ya pili naiona kubwa zaidi, ni mzigo. Basi la mwendokasi halina buti. Mama wa mgahawa aliyenunua sufuria nne na gunia la mkaa hapandi nalo, kijana aliyechukua dazeni kumi za soksi kwenye salfeti asubuhi ya saa moja hapandi nazo. Na Kariakoo wanaokuja mikono mitupu wanaondoka na kitu. Kwa hiyo wengi wanakuja na mwendokasi na kurudi na daladala au bajaji, na ndo maana ukitaka kupajua pale usihesabu wanaoingia tu, angalia wanavyotoka.

Mzigo nao unaunganisha kama abiria. Kontena linatoka bandarini, linapasuliwa kwenye stoo, mali inapanda guta, yale matairi matatu ya kusukuma, inaingia mtaani kwenye fremu, mteja wa Mbeya au Lubumbashi ananunua, inafungwa upya kwa kamba na gundi na jina linaandikwa kwa maka peni, inarudi kwenye guta mpaka ofisi ya kusafirisha mizigo. Njia ya guta na njia ya mtu anayekimbilia treni ni moja. Nimesimama siku moja pale Msimbazi nikaangalia guta moja tu lenye marobota ya vitenge likivuka kutoka upande wa Kongo, kijana mmoja mbele anavuta, wawili nyuma wanasukuma na mabega, tairi la kulia limebonyea linapiga kelele kila likizunguka, wamefika kwenye njia ya mwendokasi basi linakuja, yule wa mbele akaweka kisigino chini mzigo wote ukamlalia mgongoni mpaka basi lipite, alafu wakaanza upya kwa "haya, haya, haya." Nyuma yao kulikuwa na watu kama thelathini wamesimama wanasubiri wapate upenyo. Foleni ya kituo ndo hiyo.

Alafu kuna mawinga. Winga ni kijana au dada asiye na duka, anakuona umeshuka unatazama juu kwenye vibao, anakusogelea, "dada unatafuta nini, mapazia, simu, nguo za watoto?", anakupeleka kwenye fremu na anapata chake kutoka kwa muuzaji au anaongeza juu ya bei. Wapo wa uongo, simkatalii mtu, na kama unajua duka lako nenda moja kwa moja. Ila mimi nawaheshimu kwa jambo moja, wao ndo ramani ya ule mtaa. Muulize winga mabegi ya shule ya jumla yako wapi atakwambia mtaa, jengo, ngazi ya pili, fremu ya mwisho kushoto, na muulize gari la Mbagala linapakia wapi leo atakujibu palepale bila kukudai kitu.

Kitu kingine kinachomshangaza mtu ni mvua. Inanyesha Pugu, Kariakoo inasimama. Inakuwaje? Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unazunguka mji, unapita bonde la Jangwani kati ya Magomeni na Fire kabla ya kumwaga baharini pale daraja la Salenda. Ukijaa, maji yanapanda barabarani Jangwani na Morogoro Road inafungwa. Sasa rudia ule mti kichwani, Jangwani iko kwenye shina, chini ya tawi la Morocco na juu ya tawi la Gerezani. Ukilikata hapo vipande vyote viwili vya mti vinabaki havigusani, wa Kimara na Morocco wanabaki upande mmoja, wa Kivukoni na Gerezani upande mwingine, na hata karakana ya mabasi iliwekwa humohumo bondeni ikawa inaingia maji. Ndo maana daraja jipya refu la Jangwani, lililowekwa kwenye mradi wa bonde la Msimbazi, kwangu mimi ni jambo la Kariakoo kabisa ingawa haliko Kariakoo. Siku za masika mwenyeji anaangalia mawingu ya magharibi kabla hajatoka dukani, akiona kumefunga huko anafunga fremu mapema apite Kigogo au azunguke kwingine.

Basi nikafika Stesheni. Mama mdogo alikuwa nje ya lile jengo la vioo lililokatwa pembepembe kwa mfano wa jiwe la tanzanite, amekalia begi la shangazi kaja, ndani kuna mchele na ndizi. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, pole, umetoka mbali." Akaniambia treni imekuja chini ya saa mbili, hajachoka hata kidogo, na mimi nikawa nawaza kwamba kipande kinachofuata, hiki cha kutoka hapa mpaka ndani ya basi, ambacho ukikipima kwenye ramani ni kidogo sana, ndo kitamchosha.

Tukaanza kutembea kuelekea Gerezani. Begi tumeshika mkono mmoja kila mtu. Hatua za kwanza ni rahisi, pana nafasi, kuna watu wa treni wenzetu wanaburuta mabegi ya matairi na kila mara tairi linaingia kwenye tundu la lami mtu anarudi nyuma kulinyanyua. Kijana wa mkokoteni akatuita, mama mdogo akakataa, mbele kidogo akakubali kwa sababu vidole vilishamkatika na kamba, wakaelewana elfu mbili. Kuvuka barabara ndo ilikuwa kazi. Pikipiki zinakuja pande zote mbili hata pale ambapo gari ni upande mmoja, kwa hiyo unaangalia kulia, kushoto, alafu kulia tena. Mama mdogo alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka kucha nikazisikia. Yule kijana wa mkokoteni ndo alitangulia akanyoosha mkono, magari yakapunguza, tukavuka nyuma yake.

Tulipoingia kwenye maduka mwendo ukabadilika kabisa. Winga mmoja kamwona mama mdogo anatupia jicho mashuka. "Mama karibu, sita kwa sita, pamba, na foronya zake mbili." Nikasema mama tunachelewa, akasema mwanangu kuangalia hakuna hela. Tulikaa pale karibu nusu saa, akashika kitambaa, akakivuta kwenye mwanga, akakikunja ngumini akaachia aone kama kinabaki na mikunjo, akataja bei yake, akageuka kuondoka, akaitwa, akachukua mawili. Kijana wa mkokoteni alikuwa amekaa juu ya begi letu anatusubiri, amezoea. Hapo ndo nikaelewa kwa nini ile korido yetu haiwezi kuwa kama ya Cairo hata ikijengwa vizuri, kwa sababu ukimpitisha mtu ndani ya ukuta kutoka treni mpaka basi utakuwa umemnyima mama mdogo mashuka yake na umemnyima yule winga mlo wa siku. Ila njia ya miguu isiyo na mashimo, kivuli, pa kuvukia penye taa, na vibao vya kusema SGR huku, Mbagala huku, Kimara huku, hivyo havimnyimi mtu kitu.

Tukafika Gerezani. Foleni ya dirishani ilikuwa fupi maana ilishakuwa saa sita, ule mkiki wa asubuhi umepita na wa jioni bado. Na kwa anayeweza kuchagua muda, huo ndo muda, kuanzia saa nne mpaka saa tisa, baada ya hapo wa Kariakoo wanaanza kurudi na saa kumi na moja ukitaka siti utangoja sana. Nikamwonyesha kibao cha mbele ya basi, nikamwambia mama ukija peke yako soma hapa, Kimara, sio Morocco, mkiingia Magomeni zinaachana. Kijana aliyekuwa amekaa siti ya mbele alimwona na begi akanyanyuka, "mama kaa hapa." Akakaa, mashuka mapajani, begi katikati ya miguu. Basi likatoka Gerezani likapita Msimbazi polepole, pale jengo la Simba akaniuliza ndo hapa wenyewe? Nikamwambia ndo hapa, na Yanga wako kulee Jangwani, hapo mbele tutakapopita. Tukafika Fire, watu wakashuka, wengine wakapanda, na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kuelekea getini ili atoke akaulizie basi la Kivukoni. Mama mdogo akachungulia dirishani kabla sijasema chochote akamwita, "Mama, usitoke, subiri humohumo ndani."